Baba Atakuja Jana

Kabla hamjafungua kalamu zenu nyekundu, nipeni nafasi kidogo. Sitawaambia mzitupe. Mimi mwenyewe nimeitumia kalamu hiyo hadi kidole changu cha shahada kikabaki na doa ambalo sabuni ya mche haikuliweza, na hata sasa, nikiwa nimestaafu na ninaishi Kasingirima, hapa Kigoma, kwa amani, sipiti penye tangazo bila mkono kwenda mfukoni. Karibu na nyumbani kuna ukuta ulioandikwa "Hairusiwi kuegesha pikipiki". Nimepita hapo kwa miaka. Vijana wa bodaboda huegesha pikipiki zao papo hapo, na mimi peke yangu ndiye ninayeumia, tena si kwa sababu ya pikipiki.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kufundisha Kiswahili kidato cha kwanza na cha pili, kwa wale watoto ambao sauti zao zinabadilika na sentensi zao nazo hazijaamua zitakuwa za nani. Baadhi yenu mmeniomba nieleze mbinu. Nitaeleza. Lakini mbinu zangu karibu zote zilitokana na sentensi moja ya maneno matatu, na sentensi yenyewe ilikuwa na kosa, kwa hiyo itabidi mnivumilie nikizunguka kabla ya kuifikia.

Nilifika Kigoma kwa treni katika ile miaka ya wakimbizi, wakati boti zilipokuwa zikifika ufukweni na watu waliobeba magodoro, masufuria na watoto. Wengi walipelekwa kambini. Wachache waliokuwa na ndugu mjini walibaki kwa ndugu, na watoto wao, baada ya mashauriano marefu ofisini, waliingia shule. Shule yetu ilikuwa kati ya Ujiji na mjini. Katika darasa langu walikaa watoto wa wakulima kutoka Simbo ambao nyumbani walisema Kiha, watoto wa wafanyabiashara wa Ujiji ambao waliamini Kiswahili kilizaliwa kwao, watoto wa watumishi wa serikali waliohamishwa kutoka mikoa mingine, na hao wageni wa ng'ambo ya ziwa na ng'ambo ya mpaka, kila mmoja na Kiswahili chake. Kila kundi liliona wengine wanakosea. Mimi, niliyetoka Muheza, niliona wanakosea wote.

Nilikuja na shahada ya uzamili ya isimu. Tasnifu yangu ilihusu kiambishi "-me-". Nilikuwa nimethibitisha, kwa kurasa nyingi kuliko ilivyohitajika, kwamba "-me-" haikai na "jana". Mtu husema "amekuja leo", husema "alikuja jana", lakini "amekuja jana" ni kosa. Siku ya kuitetea, mtahini mmoja, mzee mpole, aliniuliza, "Hakuna mtu hata mmoja, popote, anayeweza kusema 'amekuja jana' na asiwe amekosea?" Nilianza jibu, nikaliacha. Nikaanza jingine, nikaliacha. La tatu liliishia kwenye "inategemea", na sikuweza kusema inategemea nini. Walinipa shahada yangu kama mtu anavyopewa maji baada ya kuzirai. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kujihoji. Niliweza kukaa mbele ya mkato mmoja nusu ya kipindi, nikitafakari haki yake ya kuwapo.

Aliyenipokea alikuwa Bi Mwanaidi, mkuu wa idara ya Kiswahili, mzaliwa wa Ujiji, mama mwenye sauti ya chini ambayo darasa la nyuma liliisikia vizuri kuliko kengele. Aliniuliza nimesomea nini.

"Isimu," nikasema.

"Isimu ya nini, mwanangu?"

"Ya '-me-'."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Miaka yote hiyo, '-me-' tu?"

"Na vielezi vya wakati."

"Aa," akasema. "Kumbe na vielezi."

Mwingine mnayepaswa kumfahamu ni Mwalimu Ruhuza, Mha wa Ilagala, mwalimu wa Hisabati na msimamizi wa taaluma. Alikuwa mwenye haki, mkali, na mwenye kitambi alichokibeba kama cheo. Aliniita Profesa tangu siku ya kwanza, na sikupata kujua kama ananitania au ananionya. "Kura" na "kula" alizitamka namna moja, hivyo kila alipowatangazia wanafunzi kuwa Ijumaa kutakuwa na kura ya kuchagua viranja, wapo waliokuja na sahani.

Nianze na msamiati wa mitihani, kwa sababu huko ndiko nilikoanguka mapema na kwa kishindo. Watoto hawashindwi mtihani kwa kutojua jibu tu. Wengi hushindwa kwa kutojua wameambiwa wafanye nini. Niliwapa swali: "Jadili umuhimu wa misitu katika mkoa wetu." Mwanafunzi mmoja, mtoto mwenye adabu kabisa, aliandika: "Nimejadili na Yohana. Tumekubaliana ni muhimu." Nililibeba jibu hilo nyumbani na kulitafakari wiki nzima. Lilikuwa na kosa gani? Alitii. Alijadili. Alileta hata matokeo ya mjadala. Wiki iliyofuata niliingia darasani nikaandika ubaoni fasili za "taja", "eleza", "fafanua", "linganisha", "tofautisha", "jadili" na "tathmini", kila moja na mistari yake, na nilipogeuka, darasa lote lilikuwa linanitazama kwa utulivu wa watu waliokwisha kukata tamaa.

Bi Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni. Baada ya kipindi aliniambia kwamba ninawafafanulia watoto neno "fafanua" kwa kufafanua, na akaniuliza ninatarajia wanielewe lini. Kesho yake alinituma mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, nilete mgebuka mmoja mnono na dagaa wa kutosha kujaza kiganja. Akawaweka samaki hao juu ya meza ya mwalimu, mbele ya darasa zima.

"Taja," akasema, na watoto wakataja: mgebuka, dagaa. "Eleza," na wakasema kila mmoja yukoje, ukubwa wake na rangi yake. "Linganisha": akawasogeza samaki karibu, watoto wakasema wote wawili ni wa ziwani, wote huliwa na ugali, ila mmoja huingia chunguni akiwa peke yake na wengine huingia kwa makundi. "Tofautisha": akawatenga samaki ncha mbili za meza, akawakataza watoto kusema lolote ambalo ni la wote wawili. "Fafanua": akachukua kisu, akampasua mgebuka tumboni mpaka kila mtu akaona kilichomo. "Jadili": mgeni akija nyumbani, apikiwe yupi? Hapo darasa lilichafuka. Watoto wa Ujiji walisimama upande wa mgebuka, watoto wa Simbo wakasema mgeni wa kweli hachagui, na kengele ikalia bado wanatoa hoja.

Neno la mwisho, "tathmini", tulilifanya sisi walimu wenyewe saa saba, kwa ugali. Mwalimu Ruhuza alitathmini mara mbili.

Kwa hiyo mbinu yangu ya kwanza ni hiyo: neno la mtihani lisiingie kichwani kabla halijapita mikononi. Kama hamna mgebuka, tumieni viatu vya watoto, tumieni madaftari, tumieni ninyi wenyewe. Niliwahi kutumika mimi na Mwalimu Ruhuza. Upande wa "tofautisha" watoto walijaza ubao. Upande wa "linganisha" waliandika: "Wote wawili wanapenda kutusahihisha."

Sasa sentensi ile.

Alikuwapo katika kidato cha pili msichana aitwaye Goreti, Mrundi. Aliishi kwa shangazi yake, aliyeolewa na Mha hapo hapo Kasingirima na kuuza mawese soko la Ujiji. Goreti alikuwa mpole, mwepesi wa kuelewa, na mwenye mwandiko mzuri. Tatizo lake lilikuwa siku. "Jana tutafanya usafi." "Kesho nilikuwa mgonjwa." Nilisahihisha, akanakili masahihisho, na juma lililofuata siku zikavurugika upya.

Katika insha ya "Mtu ninayempenda" aliandika kuhusu baba yake, na akaifunga kwa kusema: "Baba atakuja jana."

Mimi, niliyekuwa nikitafakari mikato, hiyo sikuitafakari hata kidogo. Niliona kitenzi cha wakati ujao na kielezi cha wakati uliopita, nikakata "atakuja", nikaandika juu yake "alikuja" kwa wino mwekundu, nikaendelea na daftari la pili. Ilikuwa safi, sahihi na ya haraka, na nilijisikia nimeanza kupona.

Baada ya kipindi Goreti alikuja mezani na daftari limefunguliwa.

"Madamu, samahani. Hapa umeshamleta baba."

Nilimwambia kwamba nimerekebisha wakati wa kitenzi tu, ili ukubaliane na kielezi.

"Ndiyo, Madamu," akasema. "Lakini bado hajafika."

Nilimketisha, nikamwuliza, na alinieleza bila kulia, kama mtu anayetoa maelezo ya njia. Baba yake alimpandisha mtumbwini pamoja na shangazi, akabaki nyuma kumtafuta baba mdogo wa Goreti. Alisema atawafuata. Alisema, kwa Kirundi: ejo. Tangu hapo walikuwa wakimngoja.

Usiku ule nikawa mimi tena. Niliitazama sentensi yake nikaona kwamba ina masahihisho mawili, yote safi: "Baba alikuja jana" na "Baba atakuja kesho". Nilipokuwa napepea jiko nikaona la tatu: "Baba angekuja jana." Nikaacha mkaa uzime. Sentensi tatu, na katika kila moja mtoto yule yule anaishi maisha mengine. Mimi nilimchagulia moja bila kumwuliza.

Bi Mwanaidi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa nini nilirekebisha kitenzi nikakiacha kielezi.

"Nilidhani 'jana' ndiyo ya uhakika zaidi."

"Kwa nani?"

 

Siku iliyofuata niliwauliza watoto wa Kiha darasani, nyumbani kwao "kesho" husemwaje. Wakasema: "Ejo." Na "jana"? Kukawa na kicheko kidogo, wakatazamana, wakasema: "Ejo." Watoto wa Ujiji walipiga meza kwa furaha. Mmoja akauliza, "Sasa mnajuaje mtu amekuja au atakuja?" Kijana wa Simbo akamjibu taratibu, kama anayemfundisha mdogo wake kufunga kamba za viatu: "Kitenzi kinasema. Wewe huna masikio?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na ninawaomba nanyi mwelewe kabla hamjasahihisha mtoto wa upande huu. Kwa Kirundi kama kwa Kiha, neno ni moja, na kitenzi ndicho kinachobeba mzigo. Goreti hakuwa amekosea wakati. Wakati wake alikuwa ameuweka mahali salama, ndani ya kitenzi, kisha akaokota "jana" au "kesho" kama mtu anayeokota kandambili gizani. Ukiona kitenzi na kielezi vinagombana katika daftari la mtoto kama huyo, mwamini kitenzi.

Au, bora zaidi, uliza. Hiyo ndiyo mbinu yangu ya pili na ndiyo niliyoitumia hadi nilipostaafu. Nilipiga mstari wa penseli chini ya maneno yote mawili yanayogombana, nikaweka alama ya kuuliza pembeni, nikarudisha daftari. Mtoto alijibu kwa penseli alichokusudia. Ndipo tuliposahihisha, pamoja, kwa wino. Huchukua muda, sikatai. Wenzangu walisema ninafundisha kwa mawasiliano ya posta. Lakini kosa alilolirekebisha mtoto mwenyewe halirudi mara kwa mara kama lile ulilomrekebishia.

Na msisahihishe kila kitu kwa siku moja. Insha iliyorudi nyekundu kutoka juu hadi chini haisomwi na mtoto. Huifunga haraka kama anavyofunga mlango wa choo. Chagueni kosa la wiki. Wiki ya "jana na kesho", mwacheni aliyeandika "kupiga kula" apige kula yake kwa amani mpaka zamu yake ifike.

Tatizo ni kwamba mtihani wa muhula haukungoja mbinu yangu ikomae. Karatasi zilisahihishwa na walimu wa shule nyingine, kama ilivyokuwa desturi, nao hawakumjua Goreti wala baba yake. Kiswahili kikamwangusha. Kanuni ya Mwalimu Ruhuza ilikuwa wazi: aliyeanguka Kiswahili kidato cha pili anarudi cha kwanza. Shangazi mtu alipopata habari alikuja shuleni akiwa na harufu ya mawese na uso wa mtu aliyeacha biashara wazi. Hakugomba. Alisema kwamba amemsomesha mtoto wa kaka yake kwa moyo mmoja, na kama anasonga mbele ataendelea. Lakini kama anarudi nyuma, basi akae naye sokoni, maana kazi ipo na mikono haitoshi.

Nilimwendea Mwalimu Ruhuza na maelezo yangu. Yalikuwa marefu. Nilianza na mfumo wa wakati katika lugha za Kibantu.

"Profesa," alinikatiza, "mtoto hajui jana na kesho. Mimi nitampangia ratiba gani?"

Nilisema anajua, ila anajua kwa kitenzi. Akasema kanuni haina kitenzi. Hata hivyo alikubali suala lake lipelekwe kwenye kikao cha taaluma, kwa kuwa, nimeshasema, alikuwa mwenye haki. Goreti aliliona hilo kama hukumu iliyokwisha kuandikwa. Siku hiyo alirudisha kitabu cha fasihi alichoazima, kabla ya muda wake, akakiweka mezani kwangu.

Asubuhi ya siku iliyofuata niliingia ofisi ya walimu nikakuta wenzangu wamesimama mbele ya ubao wa matangazo kwa heshima isiyo ya kawaida. Mwalimu Ruhuza alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake mkubwa wa chaki nyeupe, kabla ya kuondoka jioni: "Kikao cha taaluma kitafanyika jana saa nne. Wote mhudhurie."

Hakuna aliyefuta. Bi Mwanaidi alikuwa ameketi tayari, ushungi wake umekaa sawa, kikombe mkononi. Mwalimu Ruhuza akaingia, akatusalimu kwa Kiha, "Mwakeye", akashangaa kuona hakuna anayefungua daftari.

"Mbona hamjajiandaa? Saa nne hiyo inafika."

"Tumechelewa, Mwalimu," Bi Mwanaidi akasema. "Kikao kimeshapita. Karibu chai."

Mwalimu Ruhuza alitazama ubao. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akatazama tena.

"Chaki imeteleza," akasema.

"Chaki haijui Kiha, Mwalimu."

Niliogopa, kwa kuwa mtu mkali aliyechekwa hadharani anaweza kwenda upande wowote. Kisha kitambi kikaanza kutikisika kabla ya uso. Alicheka hadi akalazimika kukaa. Alipopata pumzi alisema kwamba kumbe arudishwe kidato cha kwanza yeye, pamoja na mwenzake. Na akaongeza, sasa kwa sauti ya kazi, kwamba hata hivyo hawezi kuifuta kanuni kwa sababu ya kicheko. Goreti ataulizwa swali moja, mbele yake, na swali atalitunga yeye, liwe la mtihani kweli na lisiwe la huruma.

Goreti aliitwa akaketishwa mwisho wa meza ya walimu. Mwalimu Ruhuza akaandika swali kwenye karatasi, akamsogezea: "Tofautisha jana na kesho."

Nilitaka kusema kuwa swali hilo ni gumu, kwamba wanafalsafa wangelikimbia, kwamba halikutaja idadi ya hoja. Bi Mwanaidi alinikanyaga mguu chini ya meza.

Goreti aliandika polepole. Mara mbili alifuta. Alipomaliza, Mwalimu Ruhuza aliisoma kwa sauti, na ninaikumbuka kwa kuwa niliisoma tena baadaye mara nyingi:

"Jana na kesho zinafanana kwa sababu zote mbili si leo. Jana nilipanda mtumbwi, na siwezi kurudi nikakataa kupanda. Kesho baba atakuja. Asipokuja, siku hiyo itageuka kuwa jana, na kesho itakuwa nyingine."



"Aliambiwa atofautishe," Mwalimu Ruhuza akasema, "naye ameanza kwa kulinganisha. Alama moja ikatwe." Akanisogezea. "Profesa, sahihisha."

Niliipitia kitenzi kwa kitenzi, kielezi kwa kielezi. Sikuwa na mahali pa kuweka wino. Goreti alibaki kidato cha pili, akaenda mwenyewe kukichukua kitabu chake cha fasihi mezani kwangu, na Mwalimu Ruhuza akafuta ubao kwa mkono wa shati lake.

Nyinyi wa sasa mna semina, mna mbinu shirikishi, mna simu inayopiga mstari chini ya neno kabla mtoto hajamaliza kulifikiria. Sizibezi. Mjukuu wangu alinionyesha jinsi simu inavyosahihisha, nikaiandikia, kwa majaribio, "Baba atakuja jana". Haikupiga mstari popote. Maneno yote matatu yameandikwa sawa, ikaridhika. Nilimrudishia simu yake nikiwa na furaha isiyo ya kiungwana, kwamba kazi bado ipo.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Katika darasa langu palikuwa na kadi nilizozibandika ukutani, na iliyokuwa juu ya zote, kwa herufi kubwa, ilisema: "-me- haikai na jana." Kila mwanafunzi aliijua. Kila mwalimu aliijua, kwa kuwa niliwasahihisha nao pia, hata wakiwa wanakunywa chai. Mwalimu Ruhuza alikuwa akiogopa kunieleza habari za mgonjwa wake aliyelazwa, asije akakosea kiambishi.

Muhula uliofuata, asubuhi moja kabla ya paredi, mlango wa ofisi ya walimu uligongwa. Alikuwa Goreti katika sare yake, na kando yake mwanamume mwembamba aliyevaa koti la mtu mnene, kofia ameishika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameshikwa na bintiye. Alituinamia, akasema, "Amahoro," salamu ya kwao ya amani, kama mtu ambaye maneno yake mengine yamebaki njiani.

"Madamu, shikamoo," Goreti akasema. "Huyu ndiye baba. Amekuja jana."

Mwalimu Ruhuza aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Bi Mwanaidi alishusha kikombe. Wote wawili hawakumtazama mgeni. Walinitazama mimi.

Na mimi, vijana wangu, niliisikia. Sikio langu lilikuwa limeshapiga mstari. Nikalifungua "alikuja" kichwani, nikalijaribu pale mlangoni: alikuja jana. Aliyekuja jana huenda amekwisha ondoka, huenda alipitia tu, akaacha salamu, akarudi alikotoka. Kisha nikamtazama yule mtu aliyekuwa hajui aweke wapi kofia yake. Amekuja. Amekuja na yupo. Jana ni siku tu aliyoingilia.

"Profesa," Mwalimu Ruhuza akasema kwa upole ambao sikuutegemea, "husahihishi?"

"Hakuna kosa," nikasema, nikamvutia mgeni kiti.

Kadi ile niliibandua saa ya mapumziko. Mtahini wangu sikumwona tena, na nadhani alikwisha kunisahau hata kabla sijatoka ndani ya chumba kile, lakini swali lake nilikuwa nimelibeba kwa treni hadi mwisho wa reli, na ninalijibu hapa. Yupo, mzee wangu. Alisimama mlangoni akiwa na sare ya shule, ameshika mkono wa baba yake.